Bata Aliyejua Mambo ya Mtaa

Naomie alikuwa anashona ukosi wa gauni la kwaya aliposikia bata akisema maneno yake.

Bata mwenyewe alikuwa ndani ya televisheni. Ilikuwa Jumamosi mchana, na Délice, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amekaa mkekani pamoja na watoto wa majirani wasiopungua kumi, maana nyumba yao ndiyo iliyokuwa na plaki ya jua juu ya bati na mashine ya CD ambayo bado inasoma. Walikuwa wanatazama CD mpya ya Franck wa Kalundu. Huyu Franck alikuwa amezipata, hakuna aliyejua wapi, filamu za kale za kuchekesha na katuni nyeusi na nyeupe, za enzi ambazo wanyama wa katuni walikuwa hawasemi kitu, wanarukaruka tu kufuata muziki. Basi akawatilia maneno. Akazitoa upya kwenye CD, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki wenye picha na jina "Vicheko vya Zamani", na kutoka Kamanyola hadi Makobola watoto wakawa hawataki tena kitu kingine. Dubu wa Ulaya alisema Kiswahili cha Uvira. Mbwa alikasirika kwa Kifuliiru. Na bata ndiye aliyependwa kuliko wote, kwa sababu alikuwa na mdomo kama wa mama wa sokoni.

Katika katuni hiyo dubu alikuwa anapika. Moshi ulijaa nyumba, ukatoka dirishani, ukafunika mlima. Bata akaziba pua kwa bawa, akawageukia watazamaji, akasema kwa sauti nyembamba:

"Huyu mama akiwasha moto wake, kule Bujumbura banakohoa!"

Watoto walilaliana kwa kicheko. Naomie aliondoa mguu kwenye cherehani.

Maneno hayo aliyatunga yeye. Wiki tatu nyuma, Mama Alliance, shemasi wa kanisa na kiongozi wa akina mama wa kwaya, aliazima kwa Naomie sufuria yake kubwa ya harusi, akairudisha ikiwa na masizi ambayo mchanga, majivu na sabuni vyote vilishindwa kuyatoa. Naomie alipomuuliza, Alliance alimtazama usoni akamwambia, "Ilikuwaka vile tangu mbele," yaani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Naomie alinyamaza kwa heshima ya ushemasi wake. Kesho yake, rafiki yake Déborah alipokuja kupimwa blauzi, ndipo aliposema lile la moto na Bujumbura, na Déborah alicheka mpaka pini zikamchoma mbavuni.

Kwenye televisheni bata alimwonyesha dubu kitako cha sufuria. Dubu akajibu kwa sauti nzito ya kujiamini:

"Ilikuwaka vile tangu mbele."

"Rudisha nyuma," Naomie alimwambia binti yake.

"Mama, njo inaanza kuwa tamu!"

"Nimesema rudisha."

Bata alisema tena, dubu akajibu tena. Hayakuwa maneno ya kufananafanana. Yalikuwa yale yale, hata pale Naomie alipopumzika kabla ya kusema Bujumbura.

Naomie alihesabu kichwani watu aliowaambia. Hesabu ilianza na Déborah na ikaishia kwa Déborah.

Jioni mumewe Frédéric alirudi kutoka kazini. Frédéric alikuwa pointeur kwenye depo moja ya saruji huko Kalundu: mashua ikifika, yeye husimama kando na daftari, akaweka alama kwa kila mfuko unaopita begani mwa mchukuzi. Labda kazi hiyo ndiyo iliyomzoesha kufunga mdomo. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa Naomie alikuwa ameshazoea kwamba maneno ya mumewe ya siku nzima yangeweza kulala ndani ya kiberiti na nafasi ikabaki. Yeye Naomie alizungumza, Frédéric alikula. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa kimya tu, kama kabati.

Naomie alimsimulia habari ya bata tangu mwanzo hadi mwisho, huku sauti ikimpanda. Frédéric alinawa mikono taratibu.

"Kumbe," alisema. Halafu akaomba maji ya moto yenye tangawizi, kwa sababu koo lilimuuma. Jumamosi ilikuwa siku ya inventaire, ya kuhesabu mifuko yote pale depo, na vumbi la saruji lilikuwa linamkausha.

Jumatatu, Naomie alipofika bombani na ndoo zake, akina mama waliokuwa wanaongea kwa sauti walinyamaza kwa pamoja, kama mtu amezima redio. Mmoja alimsalimia, wengine wakatazama maji. Alipogeuka kuondoka na ndoo kichwani, alisikia nyuma yake mtu akisema polepole, "Chunga mudomo, mwenye bata amepita." Hakugeuka. Lakini maji yalimwagika begani njia nzima.

Siku mbili baadaye Alliance mwenyewe alikuja na wanawake wawili wa kwaya. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa jubilei yake, na magauni yote ishirini na manne alipewa Naomie kuyashona. Ilikuwa kazi aliyoisubiri mwaka mzima, na kila aliyepita barabarani alikiona kile kitenge cha bluu kikining'inia mlangoni akajua ni cha nani.

"Mama Délice, tumekuya kuchukua bitambaa," Alliance alisema akiwa amesimama.

"Lakini magauni saba nimeshayakata, Mama Alliance. Karibu kwanza, keti."

"Sikai. Minye nikikaa hapa leo, Jumamosi nitajiona mu televisheni."

"Si minye niliyepeleka yale maneno."

"Nani, basi? Ile siku tulikuwa babili, minye na weye. Minye sikusema kwa muntu. Sasa yule bata aliyatoa wapi?"

Jibu pekee alilokuwa nalo Naomie lilikuwa jina la Déborah, na kumtaja Déborah kulikuwa ni kukiri kwamba kweli alimsema shemasi nyuma ya mgongo. Alikikunja kitenge, kilichokatwa na kisichokatwa, akakitia kwenye mifuko. Wale wanawake wawili waliipokea bila kumtazama. Mmoja wao alikuwa amesimamia ubatizo wa Délice.

Tangu siku hiyo Naomie alianza kumtazama Déborah kwa jicho jingine.

Walikuwa wamejuana tangu shule ya msingi. Lakini ukishaanza kumtilia mtu shaka, kila anachofanya kinakuwa ushahidi. Déborah alipita mbele ya nyumba juu ya pikipiki, akielekea upande wa Kalundu. Aliporudi, Naomie alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Kalundu. Nilienda kununua ndagala."

"Samaki ndogo vile hata hapa sokoni ziko."

"Za kule ziko fresh, unajua weye mwenyewe." Déborah alimtazama. "Uko na shida gani, Mama Délice?"

"Hakuna."

Naomie alikumbuka kwamba shemeji wa Déborah ana simu kubwa yenye kadi iliyojaa filamu, na kadi hizo hujazwa kwa Franck. Alikumbuka kwamba Déborah, walipoitazama ile CD pamoja, alicheka kabla bata hajamaliza kusema. Mtu anachekaje kabla, kama hajui kinachokuja? Aliendelea kumshonea blauzi yake. Alimpima mikono, pini zikiwa mdomoni, na pini zilimfaa, maana zilimpa sababu ya kutosema.

Toleo la pili lilitoka mwisho wa mwezi. Safari hii ilikuwa filamu ya kale ya watu, si katuni: bwana mmoja mwembamba mwenye kofia anaingia msibani, anaanza kuimba, na hawezi kuacha. Waombolezaji wanamvuta koti, yeye anaimba. Sauti iliyotiwa juu yake ilikuwa ya kikohozi na madaha, na mtaa mzima ukamtambua Ezéchiel, mwalimu wa kwaya, ambaye siku si nyingi kabla yake aliwaimbisha kaburini beti kumi na moja juani. Kila mtu alikuwepo kwenye mazishi yale. Lakini mama mmoja ndani ya filamu alimnong'oneza mwenzake, "Angalia, hata marehemu anagonga sanduku, anaomba wamalize," na hilo alilisema Naomie. Alilisema walipokuwa wanarudi kutoka makaburini, akiwa ameshikana mkono na Déborah.

Ezéchiel aliacha kumsalimia. Jumapili kanisani benchi alilozoea kukaa Naomie lilibaki na nafasi kushoto na kulia, ingawa nyuma watu walikuwa wamesimama.

Hapo akaamua kutega mtego. Alingoja mpaka Déborah alipokuja kuchukua blauzi, akafunga mlango nusu, akainamisha sauti.

"Nikwambie kitu, lakini kibaki hapa."

"Sema."

"Ezéchiel. Zile ndevu zake nyeusi vile, unafikiri iko Mungu alimupa? Anapaka cirage. Ya viatu. Nilimuona kwa macho yangu."

Ulikuwa uongo mtupu, ameutengeneza huku anapiga pasi. Déborah alishika kiuno, akacheka machozi yakamtoka. "Cirage! Mama Délice, weye utatuua!" Akaichukua blauzi yake akaondoka, na Naomie akabaki anausikiliza mwendo wake mpaka ulipopotea. Sasa tutaona, alijisemea. Ndevu hizo zikitokea kwenye CD, nitakwenda nayo mpaka mlangoni kwake.

Wiki iliyofuata Déborah alikwenda Makobola kumsaidia mama yake kuvuna mihogo, na akakaa huko.

Siku hizo Naomie alikuwa na kazi chache. Jumanne alikuja mfanyabiashara mmoja mnene kutoka Kamanyola, apimwe suti. Jioni ile Délice alikuwa kwenye mazoezi ya watoto kanisani, Naomie akawa peke yake mezani na mumewe, akamsimulia: "Baba Délice, sijaona tumbo vile. Nilianza na mètre hapa kwa kitovu, nikazunguka, nikazunguka. Kufika kule mugongoni, kwa mupaka, karibu baniombe laissez-passer!" Frédéric alitafuna. Akaongeza mboga. Naomie akahamia kwenye habari nyingine, mwisho akachoka akanyamaza.

Toleo la tatu lilifika Ijumaa ya wiki iliyofuata, na Jumamosi watoto walikuwa wamejaa mkekani. Naomie safari hii hakujifanya ana kazi. Aliketi nyuma yao kwenye kiti, mikono amefumbata, akingojea ndevu.

Ndevu hazikuja. Filamu ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Ikaja katuni ya kuku fundi cherehani, na mlangoni kwake akaingia kiboko kutaka suti. Kuku alichukua utepe wa kupimia, akaushika kwenye kitovu cha kiboko, akaanza safari. Alizunguka, akazunguka. Jua likazama kwenye picha, likachomoza tena. Alipotokea upande wa pili alifuta jasho, akasema:

"Kufika kule mugongoni, kwa mupaka, karibu baniombe laissez-passer!"

Watoto walipiga kelele kwa furaha. Naomie hakusikia kelele.

Déborah alikuwa Makobola. Délice alikuwa kanisani. Mezani palikuwa na ugali, mboga na Frédéric.

Alimnyang'anya binti yake rimoti, akarudisha, akasikiliza. Akarudisha tena. Mara ya nne alifumba macho ili asimwone kuku, abaki na sauti peke yake, na ndipo alipoisikia: ile filimbi ndogo. Miaka miwili nyuma kamba ya mashua ilikatika gatini ikampiga Frédéric mdomoni, akapoteza jino moja la mbele. Tangu hapo kila akitamka "s" pumzi ilipenya kwenye pengo, ikalia kidogo. Yeye mwenyewe alisema maneno machache mno kwa watu kuigundua. Lakini "laissez-passer" imejaa "s", na kuku wa katuni alikuwa anapiga filimbi.

Basi kila kitu kikajipanga upya kichwani mwake. Lile la Bujumbura na lile la sanduku pia aliyarudia jioni mezani, bila kumhesabu mumewe kuwa msikilizaji. Sauti ya kukauka kila Jumamosi. Tangawizi. Kumbe. Na juu ya hapo likaja wazo jingine, baya zaidi: kama hakuwa kwenye inventaire siku zote hizi, alikuwa wapi, na nani?

Alimwachia jirani watoto, akapanda pikipiki.

Depo ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Mlinzi, mzee Havyarimana, alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori, viatu amevua.

"Inventaire?" alisema. "Mama, Jumamosi tunafungaka saa sita. Iko vile miaka yote."

"Na bwana wangu?"

Mzee alitazama vidole vya miguu yake. "Minye niko mulinzi wa mulango, si mulinzi wa bantu," alisema. Lakini macho yake, bila yeye kuyaamrisha, yalikwenda upande wa pili wa barabara, lilipo duka la Franck.

Duka lilikuwa kibanda cha mbao kilichobandikwa mapicha ya CD kila mahali. Naomie alipokaribia alisikia, kutoka chumba cha nyuma, sauti ya mwanamke. Ilikuwa nyembamba, ya kudeka. "Ee Papa, weye uko mubaya, unanikamata mukia mbele ya bantu!" Na mwanaume akacheka. Naomie alishika mwimo wa mlango. Alifikiria arudi nyumbani, afungashe nguo zake na za mtoto, apande gari la kwanza kwenda kwa kaka yake Kamanyola. Halafu hasira ikamzidi hofu.

Franck, kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliinuka kwenye meza. "Mama, pole, usiingie, tuko tuna-enregistrer sauti—"

Alimpita. Alivuta blanketi lililoning'inizwa mlangoni, akavuta la pili.

Chumba hakikuwa na mwanamke. Magodoro ya zamani yalikuwa yamesimamishwa kuzunguka kuta zote, na katikati, juu ya kreti ya bia, alikaa Frédéric, kifua wazi, jasho linamtiririka, visikilizio masikioni. Mbele yake maikrofoni ilining'inia kwenye soksi kutoka darini. Kwenye skrini bibi panya na bwana panya walikuwa wanacheza dansi, na Frédéric alikuwa wote wawili. Alipokuwa bibi panya alirembua macho na kushika kiuno. Alipokuwa bwana panya alitunisha shingo. Mikono yake ilikuwa inaruka hewani. Katika miaka kumi na miwili Naomie hakuwahi kuiona mikono ile ikifanya jambo lolote bila sababu.

Frédéric alimwona. Bibi panya alikatika katikati ya neno.

"Mama Délice," alisema Frédéric, kwa sauti ile yake ya nyumbani, ndogo.

"Endelea," Naomie alisema. "Si ulikuwa unasema? Sema."

Pembeni ya kreti palikuwa na daftari la shule lenye jalada la kijani. Naomie aliliinua. Mwandiko ulikuwa ule ule wa kuhesabia mifuko, ulionyooka, wenye tarehe pembeni. Akasoma: moto wa Bujumbura. Akasoma: marehemu na sanduku. Akasoma mambo aliyokwisha kuyasahau, ya mvua iliyovuja kwenye kofia ya mchungaji, ya jogoo aliyekuwa akiwika saa nane mchana kama mfanyakazi wa serikali. Kurasa na kurasa.

"Iko zingine ine," alisema Frédéric akitazama chini. "Nyumbani, mu sanduku ya vyombo. Naandikaka tangu tulioana."

"Kwa nini?"

"Minye sina maneno, Mama Délice. Siku zote sina. Weye unasema, na ninaona yakipotea, naona haya kuyaacha." Alijifuta uso kwa shati. "Franck alitafuta muntu wa kusemea nyama za katuni. Nilijaribu. Nikiwa bata, inatoka. Sijui sababu. Inatoka tu."

"Miaka kumi na mibili ninafikiri naongea na ukuta," Naomie alisema. "Kumbe ukuta unaandika."

Franck, nyuma ya blanketi, alicheka, kisha akajuta akakohoa.

"Usicheke, weye!" Naomie aligeuka. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hakujua ni ya hasira au ya kitu kingine, na kutojua huko kulimkasirisha zaidi. "Bameninyanganya bitambaa. Pale bombani bananiita mwenye bata. Rafiki yangu wa tangu utoto nimemutegea mutego kama panya. Na weye unakula ugali wangu, unasema 'kumbe'!"

"Niliogopa."

"Nini?"

"Ungeacha kuniambia."

Naomie aliliweka daftari juu ya kreti. "Kesho baada ya ibada," alisema, "tutaenda kwa Mama Alliance. Utasema weye. Si minye."

Walikwenda. Alliance aliwapokea uani, mumewe pembeni na Ezéchiel pia, kwa kuwa walikuwa wanapanga mambo ya jubilei. Frédéric alisimama katikati amevaa koti lake la harusi. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Alijaribu tena. Shingo ilivimba, jasho likamtoka kwenye paji, mpaka mume wa Alliance akasogeza kiti, akidhani mgeni anaumwa. Naomie alikuwa amejiapiza kutomsaidia, na hakumsaidia, ingawa ulimi ulimuwasha.

Mwisho ikatoka sauti. Haikuwa ya Frédéric. Ilikuwa ile nzito ya dubu.

"Mama shemasi, muniwie radhi. Iko minye niliyesema. Bibi yangu hakujua kitu."

Mume wa Alliance aliangua kicheko mpaka akashika nguzo. Ezéchiel aliuma mdomo, mabega yakamtikisika. Alliance hakucheka. Alimtazama Frédéric, halafu akamtazama Naomie kwa muda mrefu.

"Nimesikia," alisema. "Bwana yako alipeleka. Lakini wa kwanza kusema alikuwa nani?"

Naomie aliinamisha kichwa. "Alikuwa minye, Mama Alliance. Kwa hilo naomba radhi minye mwenyewe."

Alliance alipokea radhi zote mbili kwa mkono, kama inavyopasa. Kitenge hakukirudisha. Kilikuwa kimeshapelekwa kwa fundi mwingine wa mtaa wa Mulongwe, na siku ya jubilei magauni yalibana kwapani, jambo ambalo Naomie aliliona kutoka benchi la nyuma na hakumwambia mtu yeyote.

Ilikuwa ngumu zaidi kwa Déborah. Aliporudi kutoka Makobola na gunia la mihogo, Naomie alimweleza yote, pamoja na ile habari ya cirage. Alitegemea atacheka. Déborah alishika muhogo mmoja, akaugeuzageuza.

"Kwa hiyo ile siku ulikuwa unanipima mikono," alisema mwishoni, "ulikuwa unafikiri iko minye."

"Ndiyo."

"Na hukuniuliza."

"Niliogopa utakana."

"Ningekana, kwa kuwa si minye." Alimwachia mihogo sita mlangoni, kama alivyokusudia, akaenda zake. Walibaki kusalimiana. Ilipita miezi kabla hajaja tena kuketi kando ya cherehani, na alipokuja alizungumzia bei ya mafuta na shule ya watoto, mambo ambayo bata hangekuwa na faida nayo.

Nyumbani nako meza ilibadilika. Frédéric aliyaleta yale madaftari manne, akayaweka mbele yake, akamwambia ayachome akitaka. Naomie hakuyachoma. Hakuyasoma pia. Lakini alianza kupima maneno. Kila kitu cha kuchekesha kilipomfika kwenye ulimi, alimtazama mumewe usoni, akaona kama nyuma ya yale macho kuna mtu ameshika kalamu, akakimeza. Alipakua, wakala. Délice alimtazama mmoja kisha mwingine, akauliza kama kuna mtu amekufa. Hivyo ikapita wiki, ikapita ya pili.

Siku moja, vijiko vikiwa vinagonga sahani tu, Frédéric aliweka tonge lake chini.

"Leo," alisema.

Naomie na Délice walingoja.

"Leo mashua ya kwenda Baraka haikuondoka. Kapiteni alikataa. Kwa sababu karatasi ya mizigo ilikuwa ndani ya mbuzi."

"Ndani ya mbuzi namna gani?"

"Alikula."

"Baba Délice, unaanza mwisho. Anza na mbuzi. Mbuzi ilikuwa ya nani?"

"Njo shida yenyewe," alisema Frédéric. Mkono wake mmoja uliinuka kutoka mezani, ukasita, ukabaki hewani. "Karani aliuliza, mbuzi iko ya nani? Kila muntu akasema si yake. Hata mwenyewe. Alikuwa ameshika kamba, anasema hamujui huyo mbuzi."

Alisimulia vibaya, akirukaruka, akisahau watu akawarudia, kwa sauti yake mwenyewe yenye filimbi kwenye pengo. Naomie alimkatiza mara tatu kumsahihisha mpango wa habari. Mara ya nne hakumkatiza, kwa sababu alikuwa anacheka, na Délice alikuwa anagonga meza kwa kijiko, akitaka kujua mbuzi alifanywa nini.

"Bado iko pale gatini," alisema Frédéric. "Bamemufunga. Kapiteni anasema ataondoka karatasi ikitoka."